Kuunda si Kuumba

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyofichika na yaliyo dhahiri; na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake, na kila awafuataye kwa wema.

Ama baada ya haya. Khabari imefika hata barazani kwamba watu wa elimu wa Ulaya na Marekani wamo katika kazi ya kuunda chembe hai kwa mikono yao. Waliosikia haya wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lasema: "Mwanadamu sasa ameumba, na aliyeumba hana haja ya Muumba." Kundi la pili lasema: "Hii ni kufuru tupu, mtoto wa Kiislamu asiikaribie elimu hiyo, wala shule inayoifundisha." Makundi haya hubishana mpaka taa zikazimwa, na yote mawili yamekosa jambo moja: hakuna aliyeuliza kwanza ni kitu gani hasa kilichofanywa.

Nao wanazuoni wa sheria wameweka kanuni tangu zamani, ya kwamba hukumu juu ya kitu hufuata kukijua kitu chenyewe. Kadhi hakati hukumu kabla ya kusikia daawa. Basi na ielezwe kwanza kazi hiyo ilivyo, kisha ndipo lisemwe lililo haki juu yake.

UTANDO WA CHEMBE

Kila chenye uhai, tangu mwanadamu hata ukungu uotao juu ya mkate, kimejengwa kwa chembe ndogo ziitwazo seli. Na kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, ambao ndio ukuta wake na ndio mpaka wake. Unene wa utando huo ni kama nanomita 5 tu. Na nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mafungu 1,000,000.

Utando huo una hikima kubwa katika wepesi wake. Kila chembe ya mafuta hayo ina kichwa kinachopenda maji, na mikia miwili inayoyakimbia maji. Zikitiwa majini hujipanga zenyewe safu mbili, vichwa nje na mikia ndani, mfano wa safu mbili za watu waliogeuziana migongo. Hapana fundi azipangaye. Tabia waliyopewa na Muumba wao ndiyo iwapangayo. Kwa hiyo mtu akichukua mafuta ya namna hiyo, kama yale yaliyomo katika kiini cha yai, akayatia majini kwa njia ijulikanayo na mafundi wake, hupata viputo vya mviringo vyenye utando mfano wa utando wa seli.

Kiputo hicho ndicho nyumba wanayoanzia wale wanaotaka kuunda seli. Lakini ni nyumba isiyo na mlango, wala nguzo, wala mtu ndani. Seli iliyo hai ina protini nyingi zilizochomekwa katika utando wake: nyingine ni milango ya kuingizia chakula, nyingine hutoa taka, nyingine hupokea khabari za nje na kuzipeleka ndani. Kuzibuni protini kama hizo upya, kila moja kwa umbo litakiwalo, ni kazi ngumu. Ndipo baadhi ya mafundi wakatafuta kitu kingine cha kujengea milango na nguzo hizo, wakakipata katika DNA.

UZI UNAOJISHONA

DNA ni uzi ulio ndani ya seli, nao ndio ulioandikwa urithi wa kila kiumbe. Herufi zake ni nne, A na T na G na C. A hushikana na T, na G hushikana na C. Nyuzi mbili ambazo herufi zake zalingana zikikutana, hushikana na kusokotana, na unene wa uzi huo wa pamoja ni nanomita 2.

Watu walizoea kuitazama DNA kama kitabu. Nadrian Seeman, mtaalamu wa Marekani, aliitazama kama mbao. Mwaka 1982 alieleza katika maandishi yake ya kwamba herufi zikichaguliwa vyema, nyuzi za DNA zaweza kuungana kwa pembe na matawi hata zikafanya majengo. Na mwaka 1991 yeye na mwenzake wakaunda kwa DNA umbo la mchemraba. Kisha mwaka 2006 Paul Rothemund, katika California, akatoa njia iliyo nyepesi zaidi. Alichukua uzi mmoja mrefu wa kirusi kinachoshambulia bakteria, wenye herufi zaidi ya 7,000, akauchanganya na nyuzi fupi zaidi ya 200 ambazo herufi zake alizichagua mwenyewe. Akapasha moto, akaacha upoe. Kila uzi mfupi ukashika mahali pake palipoandikiwa katika uzi mrefu, ukavuta pande zilizokuwa mbali zikaja pamoja, na uzi mrefu ukajikunja ukawa nyota, au mraba, au uso unaocheka, upana wake kama nanomita 100.

Mtu wa pwani ataifahamu kazi hiyo upesi akiukumbuka mtepe. Mbao za mtepe hazikupigiliwa misumari. Zilishonwa kwa kamba ya nazi, tundu kwa tundu, na fundi alijua kila kamba yapita wapi. Hapa nako fundi hupanga kila uzi upite wapi, ila nyuzi zenyewe ndizo zinazojishona, naye hukaa akingoja.

NANGA KATIKA MAFUTA

Lakini DNA hupenda maji, wala haipatani na mafuta. Ikiachwa hivi hivi haiingii katika utando. Basi mafundi waliifunga vitu vipatanavyo na mafuta, khasa kolesteroli, vikawa kama nanga zake. Nanga huzama katika mafuta, na jengo la DNA hukaa limefungwa juu ya utando au limeupenya.

Kwa njia hii, mwaka 2012, wataalamu wa chuo kikuu cha ufundi cha München, katika Ujerumani, miongoni mwao Friedrich Simmel na Hendrik Dietz, waliunda bomba la DNA lililotoboa utando toka upande hata upande. Nanga zake zilikuwa kolesteroli 26, na tundu lake lilikuwa na upana wa nanomita 2. Na kiolezo cha umbo lake walikitoa katika protini ya sumu ambayo bakteria huitumia kutoboa seli za watu. Mwaka 2016 Stefan Howorka na wenzake wa London wakaunda tundu lenye kufuli: halifunguki mpaka uje uzi maalumu wa DNA ulio ufunguo wake, na likiisha kufunguka huchagua kipi kipite na kipi kizuiwe, kwa kufuata chaji ya umeme ya kila kipitacho.

Mwaka 2018 jamaa wa Petra Schwille, huko Martinsried karibu na München, walitengeneza vipande vya DNA vilivyopindika kama mwezi mwandamo, wakavilaza juu ya viputo vya mafuta, na utando ukafuata upindo wake. Mwaka huo huo wataalamu wa Cambridge na wa Illinois waliunda kijitundu cha DNA kinachohamisha chembe za mafuta kutoka safu moja ya utando kwenda safu ya pili, zaidi ya 10,000,000 kwa sekunde moja. Kwa kazi hii, kijitundu hicho kiliishinda kwa mbali protini ya asili ifanyayo kazi hiyo katika mwili.

Mwaka 2022 Kerstin Göpfrich na wenzake wa Heidelberg wakatia nyuzi za DNA ndani ya viputo, zikasimama kama nguzo, zikaweza kujengwa na kubomolewa tena, na hata kubeba vijifuko vidogo. Na mwaka 2025 Laura Na Liu na wenzake wa Stuttgart wakatoa khabari ya vyelezo vya DNA vinavyoelea juu ya utando. Vikipewa uzi fulani hubadili umbo, na kiputo kizima hubadilika navyo. Vikipewa uzi mwingine hurudi. Tena vyaweza kufungua njia pana za kupitisha protini, kisha njia hizo zikafungwa.

Hii ndiyo kazi, na hivi ndivyo ilivyo. Haikuongezwa ikawa muujiza, wala haikupunguzwa ikawa mchezo.

JE, HUKU NI KUUMBA?

Sasa na arejewe yule wa kundi la kwanza, asemaye kwamba mwanadamu ameumba. Na aulizwe: mafuta yale, ni nani aliyeyapa kichwa kipendacho maji na mkia uyakimbiao? Herufi A ilimjua nani ikashikana na T? Uzi mrefu ulitoka kwa kirusi, na kiolezo cha bomba kilitoka kwa bakteria. Fundi alipochanganya vitu vyake na kuvipasha moto, aliketi akingoja vitii amri ambayo si yeye aliyeviamrisha. Mkulima hupanda nazi ikaota, wala hasemi kwamba ameumba mnazi; na Qur'ani imewakumbusha watu jambo hili hili kwa kuwauliza juu ya mbegu wanazozipanda. Fundi wa jahazi husifiwa kwa jahazi lake, na ni haki asifiwe. Lakini hapana mtu aliyemwita muumba wa msitu.

Kisha, viputo hivi mpaka leo havina uhai. Havijilishi, havikui vikazaa mfano wao, wala haviurithishi urithi wao. Mlango umo, nguzo imo, na mwenye nyumba hayumo. Hata wale walioishika njia nyingine, ya kuipunguza seli iliyo hai badala ya kujenga mpya, wamekutana na fumbo. Mwaka 2016 taasisi ya J. Craig Venter, katika Marekani, ilitoa bakteria iliyopunguziwa urithi wake mpaka ikabakiwa na jeni 473 tu, kadiri walivyoona haiwezi kuishi bila yake. Kati ya hizo, jeni 149 hawakujua kazi yake ni nini. Waliishika seli mkononi, wakaihesabu jeni kwa jeni, na karibu theluthi yake ilikuwa siri kwao. Mwenye akili akifika hapo huinamisha kichwa.

Lakini hapa yapasa hadhari kubwa, kwa kuwa hapa ndipo wengi wa wanaoitetea dini hukosea. Husema: "Watu hawawezi kuunda seli iliyo hai, na kutoweza kwao ndio ushahidi wa Mungu." Maneno haya yana sura ya imani, na ndani yake mna hatari. Aliyeijenga imani yake juu ya kutoweza kwa watu ameijenga juu ya mchanga wa pwani, na maji ya kujaa yaja.

Mfano wake ulikwisha kupita. Zamani watu wengi walishika kwamba maada zitokazo katika miili yenye uhai haziwezi kupatikana ila kwa nguvu ya uhai wenyewe. Mwaka 1828 Friedrich Wöhler, katika Berlin, akaipata urea, ambayo ni katika vitu vya mkojo, kwa kuchanganya dawa katika chombo, pasipo figo la mtu wala la mnyama. Aliyekuwa ameutundika utukufu wa Mungu juu ya urea, siku ile alikuwa na msiba. Na Mungu hakupungukiwa na kitu.

Basi na ajue Mwislamu ya kwamba hata ikiwa kesho kiputo kile kitakula, na kitakua, na kitagawanyika viwili, neno la haki halitabadilika. Kuunda ni kuchukua kilichopo na kukiunganisha kwa kufuata kanuni iliyopo. Kuumba ni kukitoa kitu pasipokuwa na kitu, na kukiwekea kanuni yake. La kwanza mwanadamu amepewa. La pili hana, wala hakulikaribia kwa unyoya mmoja. Na Qur'ani yenyewe imeeleza kwamba Nabii Isa, amani iwe juu yake, alifinyanga kwa udongo umbo la ndege, akapuliza, likawa ndege kwa idhini ya Mungu. Mkono ulioufinyanga udongo ulikuwa wa mja, na Qur'ani haikuuficha. Na idhini iliyoleta uhai ilikuwa ya Mwenyezi Mungu, na Qur'ani haikuisahau. Asomaye kisa kile kwa makini hatatikisika kwa khabari yoyote itokayo München au Stuttgart.

RAFIKI MJINGA WA DINI

Ama wale wa kundi la pili, waikatazao elimu hii kwa jina la dini, wana jawabu kutoka kwa mtu wasiyeweza kumtuhumu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwaonya watu wa namna hiyo katika zama zake. Alieleza kwamba katika madhara ya dini ni rafiki yake aliye mjinga, adhaniye kwamba Uislamu hunusuriwa kwa kuzikana elimu zote za wenye hisabu na falaki, hata maelezo yao ya kupatwa kwa jua na mwezi. Kwani yule aliyeijua hisabu ya kupatwa kwa jua kwa dalili ya yakini hataishuku dalili yake. Ataishuku dini ya yule aliyeikana.

Tazama sasa hali ya kijana aliyeambiwa na baba yake kwamba elimu ya seli ni kufuru. Siku moja atatazama katika hadubini, na ataona. Hapo hana ila njia mbili: ama ayakadhibishe macho yake, ama amkadhibishe baba yake. Na akimkadhibisha baba yake katika hili, ni nani atakayemzuia asimkadhibishe katika sala na saumu? Dhambi ya kijana yule, sehemu yake kubwa i juu ya aliyeifunga milango miwili, wa elimu na wa dini, kwa ufunguo mmoja.

Tena kazi hii haina ubaya kwa asili yake. Makusudio ya wengi walio ndani yake ni kujua seli hufanyaje kazi, na kupata vyombo vidogo vitakavyobeba dawa mwilini na kuitoa mahali pa ugonjwa tu, pasipo kuudhuru mwili mzima. Waislamu wameamrishwa kutafuta dawa, na dawa haitafutwi kwa kukaa. Ni aibu kwa watu kuila dawa iliyotengenezwa kwa elimu, na huku wakiilaani elimu iliyoitengeneza. Anayeichukia mashua asiombe kuvushwa.

AMANA ILIYO MIKONONI

Lakini lipo jambo moja ambalo dini ina neno ndani yake, na neno zito. Uwezo ni amana, na kila amana ina swali lake Siku ya Kiyama. Msingi wa sheria ni kuondoa madhara. Na jambo halali likifikisha kwenye maangamizo, njia yake huzibwa.

Na katika hili wenye elimu wenyewe wametoa mfano uliofaa kusimuliwa misikitini. Maada za uhai zina upande, kama kiatu cha kulia na cha kushoto: DNA ya viumbe vyote imesokotwa upande mmoja, na protini zao vivyo hivyo zina upande wao. Baadhi ya watu waliwaza kuunda bakteria iliyogeuzwa yote, kama sura iliyo katika kioo. Kazi ya kuunda seli tangu mwanzo ni moja katika njia ziwezazo kufika huko. Mwezi wa Desemba 2024 wataalamu 38 waliandika katika jarida la Science wakionya kwamba bakteria ya namna hiyo isiundwe, kwa kuwa huenda kinga za watu na wanyama na mimea zisiitambue, ikaenea pasiwe na wa kuizuia. Miongoni mwa walioonya walikuwamo waliokuwa wameishika kazi yenyewe. Walikuwa na elimu, na walikuwa na hamu, na mbele yao palikuwa na sifa, kisha wakasimama.

Kusimama kule ni jambo kubwa. Mtu kulifanya alilolishindwa hakuna. Lakini kuliacha aliloliweza, kwa kuwaogopea viumbe, hiyo ni sifa ya mwenye kujua mpaka wake. Na ikiwa watu walilifanya hili kwa hofu ya madhara ya dunia, yampasa zaidi yule aaminiye kwamba atasimama mbele ya Mola wake na kuulizwa.

NASAHA

Basi mzazi wa Kiislamu na ampeleke mwanawe, wa kiume na wa kike, akaijue elimu hii, wala asimtie hofu kwamba atamkuta Mungu ameondoka. Na mwalimu wa chuo asiifunge imani ya watoto juu ya yale ambayo watu hawajaweza, bali aifunge juu ya Yule ambaye pasipo Yeye hapana kiwezekanacho. Na mwenye kuijua elimu hii asijivune, kwani aliyeshona kamba si aliyeumba mnazi. Na awekapo mkono wake juu ya chembe ndogo, akumbuke kwamba ameshika mali ya mwenyewe, na mwenyewe yuamwona.

Mwenyezi Mungu awape Waislamu elimu iliyo na manufaa, na unyenyekevu unaofuatana nayo. Awaepushe na kiburi cha mwenye kujua na ukaidi wa asiyejua. Na awajaalie wawe wenye kuzitimiza amana zao. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na masahaba zake wote. Amin.